Kabla Lori Halijafika Mlangoni: Kuhama Mtwara kwa Kutumia Kampuni ya Uhamishaji

Mtu anayeajiri kampuni ya kuhamisha vyombo kwa mara ya kwanza huamini kwamba amenunua mapumziko. Anajiona amekaa barazani akinywa chai huku vijana waliovaa sare wakitoa makochi, na jioni anapanda basi akiwa na mkoba wake tu. Ukweli ni kwamba alichonunua ni mikono, gari na uzoefu wa kufunga vitu. Maamuzi yote yamebaki kwake, nayo ndiyo yanayochosha. Wahamishaji hawajui kipi kiende, kipi kibaki kwa mama mkwe, kipi kirudishwe kwa jirani aliyekiazimisha na kipi kitupwe, na wasipoambiwa watafunga vyote, pamoja na ndoo ya takataka ya jikoni.

Familia yetu ilihama kutoka Shangani, hapa Mtwara, kwenda Dodoma, ambako mume wangu alihamishiwa kikazi. Nayaandika haya kwa ajili ya wakazi wa Mtwara na Lindi, kwa sababu ushauri mwingi unaosambazwa kuhusu kuhama humfaa zaidi mtu anayetoka Kinondoni kwenda Tegeta, ambaye akisahau pasi anaweza kuifuata jioni. Anayetoka Mtwara kwenda Dodoma kupitia Dar es Salaam ana takribani kilomita 1,000 mbele yake, na alichokisahau ukutani ni mali ya mpangaji ajaye.

Niseme mapema kwamba si kila anayehama anahitaji kampuni. Anayetoka Chikongola kwenda Magomeni, zote za hapahapa Mtwara mjini, au hata Mtwara kwenda Lindi, safari ya kilomita kama 110 tu, atatosheka na kenta moja, makuli wa kuaminika na fundi wa kufungua vitanda. Makuli wetu wana nguvu na wana akili ya kupanga mzigo, na wengi wao wamezoea magunia ya korosho, kwa hiyo kuinua jokofu si jambo la kuwatisha. Tofauti ni kwamba gunia la korosho likidondoka linaokotwa, ilhali kabati la vioo likidondoka linafagiliwa. Kampuni inalipiwa kwa sababu ya umbali, kwa sababu ya vitu vinavyovunjika, na kwa sababu ya karatasi yenye saini inayosema nani atawajibika. Safari ikiwa fupi na vyombo vikiwa vichache, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Jambo la kwanza la kupanga ni msimu, na hapa sisi wa kusini tuna kalenda yetu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo magari ya mizigo ya mkoa mzima yanakuwa barabarani kati ya vyama vya msingi, maghala na bandari ya Mtwara. Anayetafuta fuso mwezi Novemba hushindana na korosho, na korosho inalipa vizuri kuliko makochi yako. Mwezi huohuo mvua za msimu wetu nazo zinakaribia, na zikishaanza zinaendelea hadi Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Kwa hiyo dirisha zuri ni kati ya Juni na Septemba: barabara kavu, upepo wa kusi, na magari yanayoleta bidhaa za maduka kutoka Kariakoo yakitafuta mzigo wa kurudi nao. Ufuta na mbaazi navyo huingia sokoni katika miezi hiyo, hususan upande wa Lindi, lakini havimalizi magari yote kama korosho inavyofanya. Mtumishi wa umma hachagui mwezi wa barua yake ya uhamisho, hilo nalijua. Hata hivyo, tarehe ya mtu kuripoti na tarehe ya vyombo kusafiri si lazima ziwe moja, na wengi hutangulia na begi la nguo, mizigo ikafuata baadaye.

Kuhusu mvua, pana jambo ambalo halijanitoka akilini. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga na maeneo jirani, na kwa siku kadhaa abiria na mizigo vilikwama pande zote mbili. Njia mbadala ipo, yaani kupitia Masasi, Tunduru, Songea na Makambako hadi Iringa na Dodoma, na yote ni lami. Lakini ni safari ndefu yenye gharama nyingine kabisa ya mafuta. Ndiyo maana niliomba kifungu kimoja kiongezwe katika mkataba: barabara ikifungwa, nani analipia mzunguko, na vyombo vikikaa njiani, vitalindwa wapi na kwa gharama ya nani. Msimamizi wa kampuni alishangaa kidogo, kisha akakiri kwamba swali hilo huulizwa na watu wa kusini tu.

Sasa nije kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo nilipotumia muda mwingi na sijutii hata saa moja. Kampuni yenye adabu ya kazi haitaji bei kwa simu. Hutuma mtu aje kukagua, au, kama ofisi yake iko Dar es Salaam, huomba picha za video za kila chumba, pamoja na stoo, uani na barabara ya kuingilia. Anayekagua akikimbia vyumba akisema "nimeona, nimeona", mrudishe nyuma. Mfungulie kabati, mwonyeshe kilicho juu ya dari na kilicho chini ya vitanda, kwa sababu bei hutegemea ujazo wa mzigo, na ujazo uliofichika leo utageuka kuwa mabishano siku ya kupakia, wakati gari limejaa na kochi moja bado liko barazani. Mwonyeshe pia mahali gari litakaposimama. Mitaa yetu ya mchanga inapitika kwa kirikuu lakini fuso linaweza kuzama, na kama gari litasimama mbali, kila kitu kitabebwa mkononi kutoka mlangoni. Hiyo ni kazi inayolipiwa, na ni heri ijulikane mapema.

Katika maandishi nilitaka nione wazi ni kazi zipi zimo ndani ya bei: kufunga vyombo, kufungua samani, kupakia, kusafirisha, kushusha, kuunganisha samani upya, na kuondoa maboksi matupu baada ya kazi. Nilitaka nijue kama gari litabeba mzigo wetu peke yake au litachanganya na mizigo ya watu wengine. Kuchanganya si kosa, tena hupunguza bei sana, lakini huja na ucheleweshaji na haja ya alama za uhakika zaidi kwenye maboksi. Nilitaka pia malipo yagawanywe, sehemu kabla na sehemu baada ya kushusha, kwa kuwa anayebaki na deni hubaki na heshima. Risiti iwe ya mashine ya EFD, si karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Na gari liwe na leseni ya usafirishaji wa mizigo ya biashara inayotolewa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Swali hilo ukiliuliza kwa upole, jibu linalokuja, au lisilokuja, litakueleza mengi juu ya kampuni hiyo.

Neno ambalo hutumiwa vibaya zaidi katika biashara hii ni bima. Ukiuliza utaambiwa, "Mama, gari letu lina bima kubwa," na utatulia. Bima kubwa ya gari humlipa mwenye gari kwa ajili ya gari lake, na huwalipa watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo. Kabati lako lililo ndani halimo. Kinachohitajika ni bima ya mizigo inayosafirishwa, nayo ni hati tofauti yenye kiwango chake na mambo isiyoyalipa. Mara nyingi haigusi fedha taslimu, vito na nyaraka, na makampuni mengi hayawajibiki kwa kilichovunjika ndani ya boksi ulilolifunga mwenyewe, kwa hoja kwamba hawakuona hali yake kabla. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo iliyonifanya niamue kwamba sahani, glasi, televisheni na vioo vyote vifungwe na wao mbele yangu, nami nifunge nguo, vitabu na mashuka.

Kwa watumishi wa umma nitapita haraka. Anayehamishwa na mwajiri ana stahili zake, zikiwemo gharama za kusafirisha mizigo na posho ya usumbufu, ilhali aliyeomba kuhama kwa sababu zake binafsi hujigharamia mwenyewe. Ulizia ofisini ni stakabadhi zipi zinahitajika kabla hujalipa hata shilingi moja, kwa sababu kuzitafuta baada ya gari kuondoka ni kazi isiyo na mwisho.

Kazi kubwa ndani ya nyumba ni kupunguza. Kila mita ya ujazo ya gari inalipiwa, na nyumba iliyokaliwa miaka mingi hukusanya vitu ambavyo hakuna anayevipenda wala anayethubutu kuvitupa. Tulianza na stoo, kwa sababu stoo haina machozi: feni zilizokufa, redio za tangu zamani, ndoo zilizotoboka, waya za ving'amuzi ambavyo havipo tena. Nguo na vyombo vizuri tulivigawa kwa ndugu. Vingine tuliviuza mtaani, na hapa nashauri utangaze mapema, kwa kuwa mnunuzi akijua kwamba lori linakuja kesho atasubiri hadi kesho.

Kilichotusumbua kilikuwa kabati la mninga alilolitengenezesha marehemu baba mkwe. Ni kabati la milango mitatu, zito kiasi kwamba tangu liingie chumbani hakuna aliyewahi kufagia nyuma yake. Mume wangu alitaka liende Dodoma kwa sababu ni la baba yake. Mimi nilipiga hesabu ya nafasi litakayochukua nikanyamaza, maana si neno la mkwe kulisema. Tulikwenda Mikindani kumwamkia mama na kumweleza. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mwanawe, "Baba yako alilitengeneza lisimame, hakulitengeneza lisafiri. Lileteni hapa kwangu, mtalikuta mkija." Kabati likaenda Mikindani kwa kenta, na fedha zilizookolewa zilitosha kununua jepesi kule Dodoma na chenji ikabaki. Nasimulia hili kwa sababu katika nyumba nyingi kuna kitu kimoja cha aina hiyo, ambacho uamuzi wake si wa mume na mke peke yao, na wahamishaji wakiwa mlangoni ni kuchelewa mno kuanza kuitisha kikao.

Baada ya hapo tulirudisha vya watu. Kwa maisha yetu ya shughuli, hakuna nyumba isiyokuwa na sufuria kubwa ya jirani, jamvi la msikitini, viti vya plastiki vya chama cha akina mama au mbuzi ya kukunia nazi ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Nilipita nyumba hadi nyumba, navyo vyetu vilivyoazimwa vikarudi. Sufuria iliyo nje ya nyumba siku ya kupakia haimo kwenye orodha, na isiyomo kwenye orodha hakuna wa kuidai. Kuku tuliwaachia majirani: wahamishaji hawabebi wanyama hai, na kusafirisha mifugo kutoka mkoa hadi mkoa kunahitaji kibali cha ofisa mifugo, jambo ambalo jogoo mmoja na mitetea yake hawastahili kulisumbukia.

Tena kuna mkaa. Wenyeji wengi tukihama tunatamani kubeba gunia la mkaa kwa kuwa tunajua bei ya mjini. Usilipakie. Mkaa, mbao mbichi na magogo ni mazao ya misitu, husafirishwa kwa kibali, na katika vizuizi vya barabarani maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu wana haki ya kuuliza. Gunia moja lisilo na hati linaweza kusimamisha gari lenye maisha yako yote ndani, huku dereva akipiga simu na muda ukienda. Kwa sababu hiyohiyo nilihifadhi risiti za vinyago vyetu vya mpingo na za meza mpya tuliyoitengenezesha hapa mjini, na nikaomba barua kutoka ofisi ya serikali ya mtaa inayoeleza kwamba tunahama na kwamba mzigo ni vyombo vya nyumbani, ikiambatana na nakala ya orodha. Barua hiyo ilikaa mkononi mwa dereva, si kwenye begi langu.

Nikiwa bado kwenye vinyago, anayetoka pwani kwenda Dodoma afahamu kwamba anahamisha mbao kutoka kwenye hewa yenye unyevu kwenda kwenye hewa kavu. Mbao hunywea zikipoteza unyevu, na kinyago cha mpingo kilichokaa Mtwara kinaweza kupasuka kikifikia huko na kuwekwa dirishani penye jua. Vyetu vilifungwa kwa nguo, vikawekwa ndani ya boksi, na baada ya kufika vikaachwa humohumo kwa muda kabla ya kutolewa taratibu, mbali na jua na upepo.

Katika kufunga vitu nitagusa yale tu ambayo nyumba zetu zina namna yake. Ukikaa karibu na bahari kama Shangani, nati na boliti za vitanda zimeliwa na kutu ya chumvi, hata kama kwa nje zinang'aa. Zipakwe mafuta siku kadhaa kabla, zilegezwe na kukazwa tena, ili siku ya kazi zisikatike chini ya spana na kitanda kikabaki hakifunguki wala hakisafiri. Boliti za kila samani ziingie kwenye mfuko mdogo wenye jina, na mfuko huo ufungwe kwa selotepu kwenye samani yenyewe. Vitabu viende kwenye maboksi madogo na nguo kwenye makubwa, maana boksi kubwa la vitabu humvunja mtu mgongo au hupasuka chini. Sahani zisimamishwe kwa ubavu, zisilazwe. Maboksi ya bure kutoka madukani yanafaa kwa nguo, mradi hayakubeba samaki wala sukari. Hayo huja na mende na sisimizi, na hakuna zawadi mbaya ya kuipelekea nyumba mpya kuliko mayai ya mende. Magodoro yaanikwe juani vizuri, yakaguliwe kunguni, kisha yavishwe nailoni.

Pweza mkavu na samaki wa kukaanga wasipande lori. Najua kwamba hakuna mtu wa Mtwara anayekwenda bara mikono mitupu, nami sikwenda mikono mitupu. Lakini harufu ya pweza ndani ya gari lililofunikwa turubai, pamoja na joto la mchana, huingia kwenye magodoro na haitoki. Zawadi zisafiri na wewe, korosho zikiwemo.

Jokofu lizimwe mapema ili barafu iyeyuke na maji yote yatoke, likaushwe, na mlango ufungwe kwa kamba huku kitambaa kikiachwa katikati ili lisivunde. Lisafiri likiwa limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba, na ndiyo sababu baada ya kufika liachwe limesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Televisheni nayo husimama na hailali. Mtungi wa gesi ni mjadala: kampuni nyingi zinaukataa, na zina haki. Ulio na gesi ndani ya gari lililofungwa, katika joto letu, ni hatari hata kama valvu imefungwa. Tulitumia gesi hadi ikaisha, tukamwachia ndugu mtungi, tukanunua mwingine kule. Mafuta ya taa, petroli ya jenereta, rangi na dawa za kuua wadudu pia vilibaki.

Kila boksi liandikwe kwa makapeni ubavuni, pande mbili, kwa sababu yakipangwa juu kwa juu maandishi ya kwenye kifuniko hayaonekani. Kiandikwe chumba linakokwenda katika nyumba mpya, hata kama limetoka chumba kingine, pamoja na namba. Orodha yenye namba hizo iwe na nakala mbili, nyingine ya msimamizi, zote zikiwa na saini. Samani zenye mikwaruzo zipigwe picha mbele yake, ili mkwaruzo wa zamani usije ukasingiziwa vijana wasiohusika, na mpya usije ukaitwa wa zamani.

Vipo ambavyo havikabidhiwi kwa mtu yeyote: vyeti, hati za kiwanja, kadi za kliniki na za bima ya afya, vitambulisho, fedha, dhahabu, dawa za kila siku, barua za shule za watoto. Hivi vilikuwa kwenye begi moja ambalo halikutoka begani kwangu. Familia hairuhusiwi kupanda nyuma ya gari la mizigo, wala sioni kwa nini mtu atamani. Sisi tulipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Kwa kuwa abiria hufika kabla ya mzigo, tulibeba mabegi yenye mashuka, chandarua, sufuria moja, vikombe, sabuni, sare za shule na nguo za siku chache. Mikeka miwili iliyokunjwa ilikuwa vitanda vyetu hadi lori lilipofika, na watoto wangependa iendelee kuwa hivyo.

Nyumba unayoiacha nayo inahitaji kukabidhiwa. Uniti za LUKU zilizobaki ziko kwenye mita na mita haihami, kwa hiyo usinunue umeme mwingi wiki ya mwisho. Ankara ya maji ilipwe na usomaji wa mita uandikwe mbele ya mwenye nyumba. Vyumba vitupu vipigwe picha, funguo zihesabiwe, na deni la dukani kwa jirani lifutwe, maana jina lako linabaki mtaani hata ukiwa mbali.

Siku ya kupakia, wapeleke watoto kwa shangazi yao. Nilimwomba mdogo wangu asimame mlangoni na orodha akiweka alama kila kitu kinapotoka, nami nikawa ndani nikijibu maswali, ambayo hayakuisha. Ndugu na majirani watakuja kusaidia, na kwa desturi zetu huwezi kuwazuia wala haipendezi. Wape kazi ya chai, ya kufagia vyumba vilivyotoka mizigo, ya kukaa na wazee, lakini wasibebe. Mikono mingi isiyo ya kampuni huvuruga orodha, na kikivunjwa kitu na mjomba, kampuni haina cha kujibu. Vijana wapewe maji ya kunywa, kivuli na chakula cha mchana. Si sharti la mkataba, ila sijaona nyumba ya Mtwara ambayo watu wanafanya kazi ndani yake hadi saa nane bila kukaribishwa wali.

Kabla milango ya gari haijafungwa, pita kila chumba, fungua kila droo iliyobaki, tazama nyuma ya milango, kwenye kamba ya kuanikia, juu ya paa kwenye ungo wa dishi, na bafuni. Andika namba ya gari na namba za simu za dereva na utingo wake. Hakikisha vitakavyohitajika kwanza, yaani magodoro na vyombo vya jiko, vimepakiwa mwisho.

Kule upande wa pili, bandika karatasi yenye jina kwenye kila mlango wa chumba kabla gari halijafika, ili mbebaji asilazimike kukuuliza kila mara. Simama mlangoni na orodha ileile. Maboksi ya vioo yafunguliwe kabla dereva hajaondoka, vitanda viunganishwe na kulaliwa kidogo kuhakikisha havilegei, na kasoro yoyote iandikwe kwenye nakala zote mbili kabla hujatia saini na kabla ya malipo ya mwisho. Kwetu ilipatikana kioo cha meza ya kujipambia kilichopata ufa; kikaandikwa, msimamizi akasaini, na thamani yake ikakatwa kwenye kiasi kilichokuwa kimebaki.